Injini Iliyoning'inia Kichwa Chini

Ukimuuliza mwenye hotrodi injini yake ina nguvu za farasi ngapi, atakujibu kabla hujafunga mdomo. Muulize injini ikizimwa oili inakwenda wapi. Hapo ndipo utajua kama gari limewahi kutoka gereji kwa magurudumu yake au linatembezwa juu ya trela.

Nimeanza na oili makusudi. Watu wakisikia habari ya rodsta iliyowekewa injini ya ndege, au ya lori, au ya gari lililokwisha kusahaulika, hudhani shida ni kuipata injini yenyewe kisha kuibana iingie mbele ya gari. Hiyo ni kazi ya wiki chache. Kinachokula miaka ni zile kazi ndogondogo ambazo ndege au lori lilikuwa likiifanyia ile injini kimyakimya, na ambazo sasa hazina wa kuzifanya.

Tuweke maneno sawa kwanza. Hotrodi kwa asili yake ni gari la zamani la Marekani, aghalabu Ford, lililovuliwa kila kisichosaidia mwendo: madgadi, bampa, mara nyingi hata boneti. Rodsta ni gari la wazi la viti viwili, lisilo na paa la kudumu wala vioo vya kupandisha milangoni. Vijana wa kusini mwa California walizipenda rodsta kwa sababu zilikuwa nyepesi na zilikuwa rahisi kupata zikiwa zimechakaa. Katika miaka ya 1930 walizipeleka kwenye maziwa makavu kama Muroc, ambako ardhi ni tambarare kama sakafu, wakazipima mwendo. Mwaka 1937 vilabu vyao viliunda Southern California Timing Association, na tangu hapo mwendo ukawa wa kuandikwa, si wa kusimuliwa.

Kwa nini basi karibu kila hotrodi unayoiona ina V8? Mwaka 1932 Ford iliweka injini ya silinda nane za umbo la V, lita 3.6 na farasi 65, ndani ya gari la mtu wa kawaida. Kabla ya hapo injini za namna hiyo zilikuwa za matajiri. Kisha mwaka 1955 Chevrolet ikatoa V8 yake ndogo, ya inchi za ujazo 265, fupi, nyepesi kwa nguvu iliyotoa, na yenye valvu juu ya silinda badala ya pembeni. Ilitengenezwa kwa mamilioni. Wanaouza vipuri wakaizunguka kama nyuki. Leo ukitaka kuiweka kwenye Ford ya 1932, mauntini zinauzwa, sahani ya kuungia giaboksi inauzwa, ekzosi iliyokwisha kukunjwa inauzwa, na rejeta inayoingia palepale inauzwa. Unafungua sanduku baada ya sanduku, na jioni injini imekaa.

Kwa hiyo injini isiyozoeleka, kwa maana ninayoitumia hapa, haipimwi kwa ukubwa wala kwa uzee. Ni ile ambayo hakuna aliyekutengenezea sanduku hata moja.

Ziko za viwango mbalimbali. Lincoln Zephyr ya 1936 ilikuja na V12 ya inchi za ujazo 267 na farasi 110, ndugu mrefu wa V8 ya Ford. Ni nzuri mno kuitazama, lakini ilirithi tabia ya ndugu yake ya kupitisha moshi wa moto ndani ya bloki kabla haujatoka, na bloki likapata joto lisilo lake. GMC ilitengeneza V12 ya malori kuanzia 1960, inchi za ujazo 702, zaidi ya lita 11. Hiyo ina uzito unaozidi kilo 600. Ukiiweka mbele ya rodsta, umejenga mtarimbo wenye usukani. Halafu iko ya Chevrolet Corvair, silinda sita zilizolala pande mbili, yenye bloki la alumini, inayopozwa kwa hewa. Ni nyepesi na ya kupendeza, ila inazunguka kinyume na injini nyingi za magari. Asiyejua hilo anaweza kumaliza kazi yote, akatia gia ya kwanza, na gari likaenda kinyumenyume. Dawa ipo: unaigeuza gia kubwa ndani ya difu ikae upande wa pili. Lakini ni heri kujua kabla.

Mimi nitakaa na moja tu, kwa sababu inakusanya matatizo yote mahali pamoja: Ranger L-440.

Iliundwa na kampuni ya Ranger, tawi la Fairchild, huko Farmingdale, New York. Ndiyo iliyosukuma PT-19, ndege ambayo marubani wengi wa Marekani walijifunzia wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ina silinda sita kwenye mstari mmoja, inapozwa kwa hewa, na ujazo wake ni inchi 441, yaani lita 7.2. Kila silinda peke yake ina lita 1.2, zaidi ya injini nzima ya magari mengi madogo. Hata hivyo uzito wake haufiki kilo 200, maana ndege haina huruma na chuma kisicho na kazi. Matoleo yenye nguvu yalitoa farasi 200 kwa mizunguko 2,450 kwa dakika.

Na imegeuzwa. Krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, iko juu, na silinda zinaning'inia chini kama ndizi kwenye mkungu. Kwa ndege ilikuwa ni akili: panga, yaani propela, linakaa juu, mbali na ardhi, na pua ya ndege inashuka ili rubani aone mbele. Vita vilipokwisha, vifaa vya ndege vilijaa sokoni kwa bei ya kutupa, na watu wa hotrodi hawakusubiri kuambiwa. Mwaka 1946 Bill Burke alichukua tangi la nje la mafuta la ndege ya kivita akaligeuza kuwa bodi ya gari la mbio. Ukiwa na macho ya namna hiyo, injini ya ndege ndani ya rodsta si wazimu.

Swali la kwanza ni la msimamo: uiache kichwa chini au uisimamishe?

Ukiiacha ilivyo, krankshafti iko juu, kwa hiyo giaboksi nayo inakaa juu, na shafti ya kwenda difu inapita kati ya dereva na abiria ikiwa imepanda hadi kwenye mapaja. Chini, vifuniko vya valvu vinakaribia kugusa barabara, palepale ambapo rodsta iliyoshushwa haina nafasi ya kutoa. Kwa hiyo kishawishi ni kikubwa cha kuipindua ili isimame kama injini za wengine. Lakini injini haijui kwamba umeipindua. Oili yake ilipangiwa kushuka kuelekea kwenye vichwa vya silinda, na pampu ya kufyonza ikaikusanya huko na kuirudisha kwenye tangi la pembeni, kwa maana injini hii haina sampu, lile karai la oili lililo chini ya injini za magari. Ukiisimamisha, oili inaanguka upande wa krankshafti, mahali ambapo hakuna karai la kuipokea wala mdomo wa pampu wa kuifyonza. Inajaa, krankshafti inaipiga inakuwa povu, na povu halilainishi kitu. Kabureta nayo ina chombo cha mafuta chenye boya ndani. Ukiipindua, boya linazama na petroli inamwagika. Kwa hiyo anayeisimamisha anaunda sampu mpya, njia mpya za oili na mahali papya pa kabureta. Anayeiacha kichwa chini anaunda gari upya kuizunguka. Kwa maoni yangu wa pili ana haki zaidi. Ukishaipindua, umeondoa kile kilichokufanya uipende.

Swali la pili wengi hulirukia baada ya kukata vyuma, nalo ni la hesabu ya mwendo. Injini ya V8 ya kawaida inapanda hadi mizunguko 5,000 na kuzidi. Ranger inaishia 2,450. Chukua tairi yenye kipenyo cha sentimita 74. Kila ikizunguka mara moja inalisogeza gari mita 2.3 hivi. Ukitumia difu ya 4.11, yaani shafti inazunguka mara 4.11 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, aina iliyozoeleka kwenye Ford za zamani, injini ikiwa imefika mwisho wa pumzi gari linakwenda kilomita 83 kwa saa. Farasi wote 200 wako macho, na lori la mchanga linakupita. Difu ya 3.0 inakupeleka kama 114. Ukiongeza giaboksi yenye gia ya juu ya uwiano wa 0.7, kikomo kinafika kama 160, na ukitembea kwa 100 injini inazunguka mara 1,500 na kidogo tu, kwa mlio wa polepole ambao hakuna V8 inayoutoa.

Ila giaboksi ipi? Hapa farasi wanadanganya. Farasi 200 kwenye mizunguko 4,500 na farasi 200 kwenye mizunguko 2,450 si kitu kimoja kwa meno ya gia. Nguvu ni msokoto, yaani nguvu ya kuisokota shafti, mara mwendo wa kuzunguka. Mwendo ukiwa mdogo, msokoto lazima uwe mkubwa ili hesabu ifike palepale. Kwa Ranger unakaribia nyutonimita 580, zaidi ya mara tatu ya V8 ile ya Ford ya 1932. Giaboksi ya Ford ya miaka hiyo, ambayo watu wa hotrodi wanaipenda kwa sababu za moyo, itaondoka na meno yake kwenye taa ya kijani ya kwanza. Unahitaji giaboksi ya lori jepesi au ya gari la nguvu la siku hizi, na klachi ya kulingana nayo. Chagua difu na giaboksi kwanza, kwenye karatasi, kabla hujagusa mashine ya kuchomelea.

Sasa twende mahali ambapo injini inakutana na giaboksi, sehemu ambayo picha hazionyeshi.

Injini ya gari ina flaiwili nyuma, gurudumu zito linalohifadhi mzunguko kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Ranger haina. Panga la ndege ndilo lilikuwa flaiwili yake, na ndilo lilikuwa feni yake pia. Ukilitoa, umeing'oa injini viungo viwili kwa bolti zilezile. Ncha ya shafti iliumbwa kushika panga, si kushika klachi, kwa hiyo kipande cha kati lazima kichongwe kwenye mashine kutoka chuma kizima. Kisha flaiwili yenyewe: ikiwa nyepesi sana, injini yenye silinda kubwa hivi inatikisika ikinguruma bila kukanyagwa mafuta na kuzima unapoachia klachi. Ikiwa nzito sana, gari halichangamki.

Na kuna jambo la hatari kuliko hayo. Krankshafti ndefu ya silinda sita, kila mlipuko ukipiga, inajisokota kidogo na kujirudisha, kama nguo unayoikamua na kuiachia. Kila shafti ina kasi yake ambayo msokoto huo unajijumlisha badala ya kufa. Wahandisi wa ndege walipanga mambo ili kasi hiyo isiangukie mahali ambapo rubani anakaa muda mrefu, na walipanga wakiwa na panga mbele. Ukibadilisha panga kwa flaiwili, kasi hiyo inahama. Hakuna jedwali la kukuambia imehamia wapi kwenye gari lako peke yake duniani. Mwenye busara anampa mtu anayejua hesabu hizo, na akilikuta eneo lenye mtetemo anapita haraka bila kulikalia.

Halafu sahani ya kuungia. Ni bamba nene la alumini au chuma, upande mmoja lina matundu ya injini na upande mwingine matundu ya giaboksi. Kulichora ni rahisi. Kazi ni kuhakikisha kitovu cha krankshafti na kitovu cha shafti ya giaboksi vimekaa kwenye mstari mmoja. Funga geji ya mshale, ile yenye uso kama wa saa, kwenye flaiwili, ncha yake iguse ukingo wa ndani wa tundu la giaboksi, kisha zungusha injini kwa mkono taratibu. Mshale unaenda kulia, unasimama, unarudi. Unaandika. Unalegeza bolti, unagonga kwa nyundo ya plastiki, pigo dogo kama la kubisha hodi, unakaza, unazungusha tena. Mafundi wengi wanashika mpaka wa sehemu tano za elfu moja za inchi, kama milimita 0.13, kuwa ndio upotofu wa mwisho unaovumilika kati ya vitovu viwili. Unene wa karatasi moja ya kuandikia na kidogo. Ukiuzidi, hutaona kitu siku ya kwanza. Utaona baada ya miezi, gia inapoanza kuruka yenyewe, beringi ya mbele inapolia, na klachi inapokataa kuachia sawasawa. Saa tatu za kugonga kwa nyundo ya plastiki ndizo zinazokuokoa na hayo. Ukishapata, toboa matundu ya pini mbili za chuma ili siku ukilifungua lirudi palepale.

Chesisi nayo haikungojea mzigo huu. Reli za Ford ya 1932 zina umbo la C, upande mmoja wazi. Umbo hilo linastahimili kupinda, lakini kusokotwa linakubali mara moja. Kata kipande cha boksi la karatasi ngumu umbo la C ukisokote kwa mikono, kisha ukizibe upande wa wazi kwa gundi ujaribu tena, na utaona tofauti bila kuhitaji hesabu. Ndiyo maana mafundi huziba mdomo wa reli kwa bamba la kuchomelea, kidogokidogo, leo hapa kesho pale, ili joto lisiipinde reli yote. Injini ndefu inasukuma pia ukuta wa mbele wa chumba cha dereva. Ama unaukata na kuurudisha nyuma, ama unarefusha chesisi. Kukata ukuta kunaharibu nafasi ya miguu, kurefusha kunaharibu sura. Sina jibu la kumpendeza kila mtu, ila gari lenye pua ndefu kupita kiasi linanikera kuliko dereva aliyekunja magoti.

Kuhusu joto, watu wanaogopa pasipo na haja na hawaogopi penye haja. Injini hii ilijengwa kufanya kazi nzito kwa saa nyingi mfululizo angani. Rodsta nyepesi ikitembea mwendo wa kawaida barabarani inahitaji pengine farasi thelathini au arobaini. Kwa Ranger huo ni usingizi. Ukiwa unatembea, na ukiwa umezirudisha zile bati za pembeni zinazoilazimisha hewa ipite katikati ya mapezi ya silinda badala ya kukimbilia pembeni, injini inapoa. Balaa ni foleni. Ndege haisimami kwenye taa za barabarani. Ikikaa chini inageukia upepo na panga linapuliza. Gari limesimama, hakuna upepo, hakuna panga, na silinda ya nyuma kabisa, ambayo mara nyingi hupata hewa iliyokwisha kupashwa na wenzake, ndiyo inayoumia kwanza. Kwa hiyo feni yenye nguvu na njia iliyozibwa vizuri si mapambo, na geji ya joto iwekwe kwenye silinda hiyo ya nyuma, si ya mbele yenye kung'aa kwenye picha. Rejeta ya oili nayo iwe kubwa. Kwenye injini ya hewa, oili inabeba sehemu nzuri ya kazi ambayo kwingine inafanywa na maji.

Kuwasha kuna ugeni wake. Cheche hutoka kwenye magneto mbili, vifaa vinavyojizalishia umeme wa cheche bila betri, kila silinda ina plagi mbili, na cheche imepangwa ije mapema kwa ajili ya mwendo wa kuruka. Ukiizungusha polepole kwa stata huku cheche ikija mapema hivyo, pistoni inapigwa kabla haijafika mwisho wa kubana, na injini inarudi nyuma kwa kishindo kinachoweza kuvunja stata. Magneto za ndege huwa na kifaa cha springi kinachochelewesha cheche wakati wa kuwasha, kinachotoa mlio wa kwa-kwa-kwa injini ikizungushwa taratibu. Ukiusikia mlio huo, endelea. Usipousikia, usiguse stata.

Na bado tuna ile oili ya mwanzo. Injini iliyolala usiku kucha ikiwa kichwa chini ina oili iliyojichuja taratibu kupita ringi za pistoni na kutulia ndani ya vyumba vya mlipuko. Oili haibanwi. Pistoni ikija kwa nguvu ya stata na kukuta chumba kimejaa, kinachopinda ni fimbo yake, na hutasikia zaidi ya pigo moja la butu. Marubani walilizungusha panga kwa mkono kabla ya kuruka. Wewe huna panga. Unachomoa plagi moja moja za chini, unaweka sinia, unatia spana kwenye nati ya krankshafti, na unavuta. Raundi ya kwanza ni nyepesi. Ya pili inakaza kidogo kwenye silinda ya nne, kisha inaachia, na tone jeusi linaning'inia kwenye tundu la plagi, linanenepa, linaanguka kwenye sinia. Unangoja la pili. Lisipokuja, unarudisha plagi.